Maji Yaachiwe Mlango
(Hotuba mbele ya wanachama wa tawi, Embu)



Sisi wa reli twaijua Makupa, mahali ambapo reli yaingia kisiwa cha Mombasa. Zamani ilipita juu ya daraja, na chini yake bahari ikijaa na kupwa kati ya hori ya Tudor na ya Port Reitz. Katika miaka ya 1920 pakajengwa tuta la mawe na udongo. Reli na magari yakapita vizuri, lakini maji hayakuachiwa njia ya kutosha, na tope likakusanyika. Ilipita miaka zaidi ya 90 hata mwaka 2022 yakafunguliwa madaraja mapya, ili bahari irudishiwe njia yake.

Tazameni sasa Uholanzi. Mwaka 1953 bahari ilifurika ikaua watu 1,836 huko. Serikali ikaamua kuiziba kabisa hori ya Oosterschelde. Wavuvi wa chaza wakakataa, wakaungwa mkono na wengi, na mpango ukabadilishwa. Ukajengwa ukuta wenye milango 62 ya chuma. Hukaa wazi siku zote, hufungwa wakati wa dhoruba tu. Na pembeni pana mlango wa kupitisha vyombo. Gharama ilizidi sana, lakini kazi ilizinduliwa mwaka 1986, na chaza wangalipo.

Mtatuuliza: haya yatuhusu nini sisi wa Meru na Embu, tulio mbali na bahari? Yatuhusu kwa sababu ya Tana. Mto huu umezibwa mara tano: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nchi ikapata umeme, lakini watu wa Mbeere walihamishwa. Huko chini, Wapokomo waliotegemea mafuriko kulima mpunga, na Waorma kulisha ng'ombe, wakaona mafuriko yamepungua.

Kathita na Mutonga, mito yetu ya Meru na Tharaka, bado huingia Tana chini ya Kiambere bila kuzuiwa. Hiyo ndiyo ingali ikipeleka mafuriko kwa wale wa chini. Na hapo, chini ya mito hiyo, ndipo panapokusudiwa bwawa la High Grand Falls.

Ndugu, hatupingi bwawa. Bwawa ni umeme, na ni kazi kwa mafundi na vibarua. Lakini Waholanzi walisema kabla ukuta haujakwisha, wakapata mlango. Makupa walingoja maisha ya mtu mzima.

Basi twataka tuulize barazani mapema: Milango ya bwawa itafunguliwa miezi gani kwa ajili ya watu wa chini? Nani ataishika funguo? Mtu wa Tharaka atakayehama, je, atalipwa kabla ya kuhama? Majibu yaandikwe katika mkataba, yasiwe ya mdomo tu.

Twaomba azimio hili lipigiwe kura leo na lipelekwe makao makuu ya chama.