Tambi na Mkate Visiliwe Vitupu

Leo tunaingia jikoni.

Hapa Kiembeni, kama kwingineko Kisauni, tambi si chakula kigeni. Zile nyembamba tumezipika tangu zamani kwa sukari, iliki na tui la nazi. Spageti nayo imeingia majumbani. Ndugu zetu Wasomali huiita baasto, jina walilolipata kwa Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia. Pale Malindi, Waitaliano wamekaa na kufungua mikahawa kwa miaka mingi. Na kwa kuwa hoteli za ufuoni Bamburi na Shanzu haziko mbali nasi, wapo majirani waliojifunza huko kupika vyakula hivi.

Lakini sikiliza jambo hili. Mara nyingi tumechukua tambi, tukaacha kinacholiwa nazo. Mtoto anapewa spageti yenye mafuta na chumvi tu. Asubuhi anapewa mkate mweupe na chai. Tumbo linajaa, mtoto analala, na mama anaona kazi imekwisha. Kumbe mwili wa mtoto bado una njaa. Ngano humpa nguvu ya kucheza, lakini haimtoshelezi madini ya chuma yanayotengeneza damu, wala protini ya kutosha ya kujenga mwili.

Mama wa Kiitaliano wa kijijini hakupika hivyo. Nyama ilikuwa adimu kwake kama ilivyo adimu kwa wengi wetu. Alichanganya tambi na maharagwe, chakula wanachokiita pasta e fagioli. Siku nyingine alipika minestrone, supu nzito ya mboga zilizopatikana, maharagwe na tambi kidogo. Hivyo ni vyakula vya watu wa kawaida, na vinapikika kwa vitu vya Kongowea.

Chukua kalamu, tuandike. Kwa watu watano, tafuta vikombe viwili vya maharagwe yaliyochemshwa, nusu pakiti ya spageti, nyanya tano, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, karoti moja, makonzi mawili ya mchicha na vijiko viwili vya mafuta.

Maharagwe yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, yachemshe kwa moto mkali angalau dakika kumi, kisha yaache yaive kabisa. Maharagwe yasiyoiva huumiza tumbo. Ukipenda tumia kunde au mbaazi.

Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyanya, ziache zipondeke. Tia karoti, maharagwe na maji vikombe vitano. Yakichemka, vunja spageti vipande vifupi uitie. Ikikaribia kulainika, tia mchicha, funika dakika tatu, epua. Chumvi iwe kidogo. Kama una mrehani uani, ule tunaotia kwenye vikuba, majani machache yanatosha kuleta harufu. Waitaliano huutumia sana penye nyanya.

Mwisho kamulia ndimu. Ndimu na nyanya zina vitamini C, nayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mchicha. Chai hufanya kinyume chake: huyazuia. Kwa hiyo chai na chakula visiende pamoja. Ukinywa, subiri kama saa moja baada ya kula. Mtoto mdogo hahitaji chai kabisa.

Je, mtoto mchanga? Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Akitimiza miezi sita, mtolee sehemu yake kabla ya kutia chumvi, uiponde iwe laini, na uendelee kumnyonyesha. Ukiwa na samaki, maini au nyama kidogo, saga umchanganyie. Kwa aliyeanza kutafuna, kata tambi fupi fupi, na akae kitako anapokula, asije akapaliwa.

Sasa mkate. Ule wa Kiitaliano uitwao focaccia hauhitaji mayai wala sukari. Changanya vikombe viwili vya unga mweupe na kimoja cha unga wa atta, kijiko kimoja cha chai cha hamira, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta na maji ya uvuguvugu kiasi cha kupata donge laini. Kanda dakika kumi, funika. Kwa joto letu la Mombasa, utaumuka kwa muda wa saa moja hivi. Utandaze ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta, juu yake panga vipande vya nyanya na kitunguu. Weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama tunavyopalia mkate wa mayai. Baada ya nusu saa utazame.

Unga wa pakiti, tangu sheria ya mwaka 2012, hutakiwa kuongezwa madini na vitamini. Hilo husaidia, lakini halichukui nafasi ya maharagwe na mboga.

Na tafadhali, jiko la makaa lisiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi isiyonuka wala kuonekana, nayo huua watu usingizini. Okea uani au penye hewa, na jiko lisiingizwe chumbani usiku hata kama mvua inanyesha.

Mama, mtazame mtoto wako leo. Viganja vyake na ndani ya midomo vimepauka? Anachoka upesi, hataki kucheza, anakula udongo au makaa? Huenda damu imepungua. Usimnunulie dawa dukani kwa kukisia. Mpeleke kituo cha afya na kitabu chake cha kliniki, kwani malaria na minyoo pia hupunguza damu, na tiba zake si moja. Ikiwa anahema kwa shida au amelegea, usingoje kesho.

Kumbuka basi mambo matatu. Tambi zifuatane na maharagwe na mboga. Ndimu iwe karibu, chai iwe mbali. Jiko la makaa likae penye hewa.

Mwambie na jirani yako.