Maana ya Majina ya Mitume

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu: liko shauri lizukalo mara kwa mara katika nyumba za Waislamu wa Burundi. Mtu akisilimu, wazee hubishana: je, jina lake la Kirundi litupwe kwa kuwa si la Kiislamu, au libaki? Wako hata waonao haya kuitwa kwa jina la babu yao. Basi yafaa kutazama majina ya Mitume yenyewe yalitoka wapi.

Wanavyuoni wa sarufi ya Kiarabu wameyahesabu Ismail, Is-haka na Yaakub kuwa ni majina ya kigeni. Yamo katika Kiebrania, lugha iliyo ndugu ya Kiarabu.

Ismail kwa Kiebrania ni Yishmael, yaani "Mungu husikia". Mwanzo wake una mzizi ule ule wa Samiu, Mwenye kusikia, ambao kila mwenye kuswali huutamka ainukapo katika rukuu. Na "el" ya mwisho ni Mungu. Is-haka ni "anacheka". Na Kurani, katika Sura Hud, aya ya 71, yaeleza kuwa mkewe Ibrahim alicheka, kisha akabashiriwa mwana huyo. Zakaria ni "Mungu amekumbuka", na mzizi wake ni ndugu wa neno dhikri.

Jina la Musa lina khabari ya peke yake. Taurati imelifasiri kwa kutolewa majini, lakini wataalamu wengi huona kuwa asili yake ni neno la Kimisri lenye maana ya mtoto. Ikiwa ni hivyo, Mtume aliyemkabili Firauni alikuwa na jina la lugha ya Firauni, wala halikumpunguzia cheo.

Sasa yatazameni majina ya Kirundi. Habimana ni "Mungu yupo". Bizimana ni "Mungu ndiye ajuaye". Imana amekaa hapo mahali pa "el". Mwenye kuliita jina hilo la ukafiri hajalisikiliza.

Mtume (s.a.w.) hakumbadilishia jina kila aliyesilimu. Alibadilisha yenye maana mbaya: mwanamke aliyeitwa Aswiya kwa swadi, yaani mwasi, alimwita Jamila. Naye alimpa mwanawe mwenyewe jina la Ibrahim.

Basi mizani ni maana, si lugha. Jina litangazalo chuki na libadilishwe. Jina limkirilo Mungu lisidharauliwe. Na baba aliyemwita mwanawe Ismail ajue kuwa kila amwitapo anashuhudia kwamba Mungu husikia. Na ayachunge maneno yafuatayo baada ya jina hilo.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.