Dawa ya Kifafa: Mgonjwa Asiyehesabiwa Haagiziwi

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Morotonga, Wilaya ya Serengeti)





Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata dawa ya kifafa kwa gharama ambayo familia ya mkulima inaimudu. Nitaanza kwa kukiri kosa.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kwetu na mwanawe wa miaka kumi na miwili. Mtoto alianza kuanguka baada ya kuugua malaria kali akiwa mdogo. Mbuzi wa nyumbani walikwisha kwa waganga. Hatimaye zahanati ilimpa vidonge vya fenobabitoni, akatulia, akarudi shule. Kisha dawa ikaisha zahanati. Mama akaambiwa anunue mjini. Alipopiga hesabu, nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ilizidi bei ya vidonge vyenyewe.

Mimi nilifanya haraka. Tulichukua fedha za mradi, tukanunua makopo ya dawa kwa njia halali, tukaikabidhi zahanati na kupiga picha. Kwa miezi kadhaa wagonjwa walipata dawa, nasi tuliandika taarifa nzuri. Lakini dawa ile ya msaada haikuingizwa kwenye leja pamoja na dawa nyingine. Fedha zilipokwisha, leja ilionyesha kwamba hakuna dawa ya kifafa iliyotumika. Basi na oda haikuwa na kitu. Kabla dawa haijapatikana tena, mtoto yule alianguka jikoni, mkono wake ukaungua. Kosa lile lilikuwa langu, si la mama, wala si la muuguzi aliyekuwa peke yake zamu nzima.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejifunza kwamba dawa yenyewe si ghali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa dawa za msingi za kifafa zinaweza kugharimu takribani dola 5 za Marekani kwa mgonjwa kwa mwaka. Shirika hilo linasema pia kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia ipasavyo.

Jambo hili si geni nchini kwetu. Huko Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta watu wenye makovu ya moto, waliotengwa kwa sababu wenzao waliogopa kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Kwa dawa hiyohiyo ya fenobabitoni, wengi walirudi mashambani na kwenye familia zao. Hata hivyo, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu. Ikiwa dawa ni rahisi na inajulikana muda wote huo, kwa nini haiwafikii?

Sababu mojawapo ni hii. Kituo cha afya huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia kiasi kilichotumika kipindi kilichopita. Wagonjwa wakifichwa ndani, matumizi yanaonekana madogo, na oda inakuwa ndogo. Oda ikiwa ndogo, dawa inakwisha mapema. Mgonjwa anayekosa dawa anaanguka tena, na familia inazidi kumficha kwa aibu. Mduara huu hauvunjwi kwa makopo ya msaada. Unavunjwa kwa kuhesabiwa.

Kwa hiyo naziomba kamati zetu mambo manne.

Kwanza, kila mtaa uwatambue wagonjwa wake kwa upole na kwa siri. Majina yasisomwe kanisani. Mwinjilisti au mzee wa kanisa aisindikize familia hadi kituoni, mgonjwa apimwe na kuandikishwa.

Pili, muulizeni mganga mfawidhi mapema kama oda imezingatia wagonjwa hao wote. Dawa ikikosekana Bohari, ulizeni kama kituo kinaweza kununua kwa mshitiri kwa fedha zake. Wananchi wana wawakilishi kwenye kamati ya kituo, watumieni.

Tatu, muombe mgonjwa aliyetulia apewe dawa ya zaidi ya mwezi mmoja, mtaalamu akiona inafaa. Safari zikipungua, nauli inapungua.

Nne, mfundishe kila familia kwamba dawa haikatwi ghafla, wala kidonge hakigawanywi nusu ili kisogeze siku. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, na mtu anaweza kufa. Anayezidiwa na usingizi, au mtoto anayekuwa mtundu kupita kiasi, arudi kituoni abadilishiwe. Msichana au mama anayeweza kupata mimba amwambie mtaalamu, kwa sababu dawa nyingine, hasa valproeti, huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa wafadhili wetu nasema kwa heshima: asanteni kwa makopo yale. Sasa tunaomba mtusaidie kwa vitu visivyopendeza sana kwenye picha: mafunzo ya wauguzi wa zahanati, mafuta ya pikipiki ya muuguzi anayefuatilia wagonjwa, na nauli kwa familia zilizo mbali. Dawa ya dharura ikinunuliwa, ipitie kituoni na iingie kwenye leja.

Katika Injili ya Marko sura ya 9, yuko baba aliyemleta mwanawe mwenye kuanguka motoni na majini. Hakumficha, alimleta mbele ya umati. Na Bwana Yesu, kabla ya kumponya, alimwuliza baba yule hali hiyo ilimwanza mtoto lini. Hilo ndilo swali ambalo daktari huuliza hata leo. Sisi nasi tukaliulize tukirudi mitaani kwetu, kisha tusindikizane hadi kituoni.

Kijana yule bado anatumia dawa. Mkono wake una kovu, lakini analima. Jina lake limo kwenye leja.