Cheti cha Nakala Tatu

Leo tutasimulia habari za karatasi moja ndogo, nayo ni cheti cha dawa, ambayo huko Marekani ilizusha daawa iliyofika hadi Mahakama ya Juu ya taifa hilo.

Mwaka 1939 jimbo la California, likikusudia kuzuia dawa za jamii ya afyuni, alizoandikiwa mgonjwa apate kutulizwa maumivu, zisiangukie mikononi mwa wachuuzi, liliwaamuru matabibu waziandike katika vyeti vya nakala tatu. Mwaka 1972 New York nayo ikatunga sheria ya namna hiyo: nakala moja ilibaki kwa tabibu, ya pili kwa muuza dawa, na ya tatu ilipelekwa Albany, makao makuu ya jimbo, ambako jina la mgonjwa, anwani yake na umri wake, pamoja na dawa na kipimo chake, vilinakiliwa katika kanda za kompyuta. Vyeti hivyo vilikuwa kama 100,000 kila mwezi.

Hapo wagonjwa na matabibu kadhaa wakaingiwa na hofu, wakashtaki, wakisema kuwa maradhi ya mtu ni siri yake, na kwamba anayechelea kuitwa mlevi wa dawa huenda akaikimbia hata dawa aliyo na haja nayo. Mahakama ya chini iliwapa haki. Lakini mwezi wa Februari 1977 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, iliitengua hukumu hiyo. Jaji John Paul Stevens, aliyeiandika kauli hiyo, hakuibeza hofu yao, bali aliipima kwa ulinzi uliowekwa: chumba cha kufuli kilichozungushiwa seng'enge na kengele ya hatari, vyeti kuharibiwa baada ya miaka 5, na kifungo kwa mtumishi atakayefichua.

Basi serikali ilipewa ruhusa ya kuijua siri, nayo ikawa ni amana juu yake. Karatasi zilikwisha ondoka, mitambo ikashika mahali pake, na majimbo yakafuatana moja baada ya moja kutunga sheria za kuweka kumbukumbu za vyeti hivyo. Ila Missouri, ambako wapinzani waliishikilia hoja ile ile ya siri ya mgonjwa, haikuwa na sheria yake mpaka Juni 2021, ikawa ya mwisho katika majimbo yote 50.