Tuyajue Maneno Haya: Nyongo, Mirija Yake na Macho ya Manjano

Maelezo ya afisa wa afya katika baraza la wakazi



Leo nataka tuzungumze juu ya neno tunalolitumia kila siku: nyongo. Mtu akitapika maji machungu ya kijani, twasema ana nyongo. Akiwa na homa na kichwa kinamgonga, twasema nyongo imepanda. Macho yakigeuka manjano, huyu atasema ni nyongo, yule atasema ni safura, mwingine malaria, mwingine homa ya manjano. Neno moja limebebeshwa magonjwa mengi, na kila ugonjwa una tiba yake. Tukikosea jina, tunapoteza siku, na zipo hali ambazo haziwezi kungoja hata siku moja.

Tuanze na mwili wenyewe. Aliyewahi kuchinja mbuzi au kuku anakijua kile kifuko kidogo cha kijani kilichoshikamana na ini. Hukitoa kwa uangalifu, maana kikipasuka nyama huwa chungu. Binadamu naye anacho, upande wa kulia, chini ya mbavu. Lakini nyongo haitengenezwi humo. Hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kifuko ni ghala tu. Tukila vyakula vya mafuta, kifuko hujikaza, nyongo ikapita kwenye mrija hadi mwanzo wa utumbo mdogo, na huko husaidia kusaga mafuta. Karibu na mwisho wake, mrija huo hukutana na ule unaotoka kwenye kongosho. Ndiyo maana jiwe moja likikwama hapo laweza kuumiza ini na kongosho kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye maneno ya karatasi za hospitali. Ni marefu, lakini yamejengwa kwa vipande vidogo, vingi vyenye asili ya Kigiriki. Kipande "kole", ambacho huandikwa c-h-o-l-e, ni nyongo. "Sisti" ni kifuko. "Anji" ni mshipa au mrija. "Lithi" ni jiwe. "Hepa" ni ini. Neno likiishia "aitisi", sehemu hiyo imevimba na kuwaka. Likiishia "ektomi", imekatwa na kuondolewa.

Tuunganishe. Kolelithiasisi ni kuwa na mawe ya nyongo. Kolesistaitisi ni kuvimba kwa kifuko cha nyongo. Kolesistektomi ni upasuaji wa kukitoa kifuko hicho, na mtu huishi vizuri bila kifuko kwa sababu ini huendelea kutengeneza nyongo. Kolanjaitisi ni kuvimba kwa mirija ya nyongo, mara nyingi kwa sababu imeziba na kuingiwa na maambukizi. Hepataitisi ni kuvimba kwa ini, na pankriataitisi ni kuvimba kwa kongosho.

Tofauti hizi zina uzito nyumbani. Baadhi ya hepataitisi huambukiza, na familia huenda ikahitaji kupimwa au kuchanjwa. Mawe ya nyongo hayaambukizi. Hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa wa mawe sahani na kikombe chake.

Na macho ya manjano je? Chembe nyekundu za damu zikizeeka, mwili huzivunja, na mabaki yake hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huichukua na kuitia kwenye nyongo ili itoke na choo. Ndiyo inayokipa choo rangi ya kahawia. Mrija ukiziba, rangi hiyo hurudi kwenye damu. Macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka kama udongo mweupe, na ngozi huwasha. Kwa hiyo macho ya manjano ni dalili, si jina la ugonjwa. Yaweza kuletwa na malaria kali, hepataitisi, jiwe kwenye mrija au saratani. Homa ya manjano nayo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi vinavyoenezwa na mbu, na una chanjo.

Ndugu zangu, shikeni mambo matatu: maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, homa ya kutetemeka, na macho ya manjano. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza pamoja katika karne ya 19, na madaktari huyatumia mpaka leo kuitambua kolanjaitisi. Yakikutana kwa mtu mmoja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Wadudu walio kwenye mrija ulioziba wanaweza kuingia katika damu na kumuua. Atahitaji dawa za kuua bakteria, na mrija kuzibuliwa. Dawa ya mitishamba haiwezi kuuzibua, na dawa ya malaria haiwezi pia.

Maumivu yanayokuja baada ya mlo wa mafuta na kupanda hadi bega la kulia, msiyaite vidonda vya tumbo na kununua dawa dukani mwezi baada ya mwezi. Ombeni kupimwa. Picha ya altrasaundi huonyesha mawe ya kwenye kifuko bila kukata wala kuumiza. Na mtu ambaye macho yamekuwa manjano bila maumivu yoyote, huku akikonda, asifurahie kutoumwa. Huenda kuna uvimbe unaobana mrija.

Wenye sikoseli wawe macho zaidi. Chembe zao za damu huvunjika haraka, bilirubini huwa nyingi, na mawe ya nyongo huweza kuwapata wangali watoto.

Akina mama, watoto wachanga wengi huwa manjano kidogo siku za kwanza, na wengi hupona. Lakini manjano ikitokea siku ya kuzaliwa, ikiendelea kupita siku 14, au choo cha mtoto kikiwa cheupe, msimweke juani mkingoja. Mpelekeni kituoni pamoja na kijitabu cha mama na mtoto. Wapo watoto wanaozaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Upasuaji wao hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza miezi miwili.

Mkifika kwenye zahanati au hospitali, msiseme tu "nina nyongo". Semeni maumivu yako wapi, yalianza lini, homa ipo au haipo, mkojo na choo vina rangi gani. Msione haya kutaja choo. Na mkipewa karatasi, ulizeni: "Daktari, neno hili lina maana gani?" Ni haki yenu kujibiwa kwa lugha mnayoielewa.

Sasa nakaribisha maswali.