Mtoto Naye Amefiwa

(Matini ya mawaidha yaliyotolewa msikitini, Msimbati, Mtwara)

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyefiwa na mama yake pale Abwaa akiwa na umri wa miaka sita, na babu yake akiwa na miaka minane, na ziwafikie aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani,

Sisi wa Msimbati tuna bahari mbele yetu na Mto Ruvuma kusini yetu, na misiba yetu mingi hutoka majini. Mtu hushusha ngalawa alfajiri, jioni asirudi. Wenzetu wa Unguja na Pemba waliyaona hayo kwa wingi Septemba 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander, na wengi hawakuonekana tena hata wazikwe. Oktoba 2020 wenzetu wa Kitaya, kandokando ya Ruvuma, walivamiwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji. Watu wakauawa na nyumba zikatiwa moto. Katika kila msiba wa namna hii wamo watoto. Swali langu ni moja: hao tunawaliwaza kwa nini?

Ada yetu inajulikana. Wanaume hukaa jamvini, mjane huingia eda, rambirambi hukusanywa, na mirathi huulizwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mtoto hupelekwa kwa jirani akacheze, na akiuliza huambiwa: "Baba amesafiri." Wasemao hivyo hawana nia mbaya, lakini huo ni uongo, na sharia haikuuhalalisha kwa kuwa msikilizaji ni mdogo. Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Aamir (r.a.) kwamba mama yake alimwita utotoni aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) akamwuliza mama huyo alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamfahamisha kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Ikiwa tende ina uzito huo, itakuwaje kifo cha baba? Mtoto aliyeambiwa baba kasafiri hungoja. Kila chombo kinapotia nanga hukimbilia ufukweni. Siku atakapoambiwa kweli na watoto wenziwe chuoni, atakuwa amepoteza wawili: baba yake, na mtu mzima aliyekuwa akimwamini.

Maulamaa wetu hawakuupuuza mlango wa kuliwaza. Kwa Kiarabu kipo Tasliyatu Ahlil-Masaaib cha al-Manbiji (aliyefariki 785 H), kipo Bardul-Akbaad cha Ibn Naasiruddin ad-Dimashqi (842 H), na ipo risala ya as-Suyuti (911 H) juu ya subira ya aliyefiwa na mtoto. Zama hizo tauni ilikuwa ikirudi mara kwa mara katika Sham na Misri. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyeandika kitabu kizima juu ya tauni, alifiwa na mabinti zake kwa maradhi hayo hayo. Lakini Ibn Naasiruddin na as-Suyuti wanasema na mzazi aliyepoteza mtoto. Mama mjane anayetaka cha kumsomea mwanawe aliyepoteza baba, tena kwa Kiswahili chepesi, mimi sijapata dukani kitabu cha kumpa.

Basi turejee kwenye Sira. Mwaka wa 8 Hijria Jaafar bin Abi Talib (r.a.) aliuawa Muuta. Mtume (s.a.w.) hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mkewe, Asmaa bint Umays (r.a.), akaomba aletewe watoto wa Jaafar. Akawanusa kwa mapenzi, macho yake yakatokwa na machozi, na Asmaa akafahamu. Akaagiza wafiwa wapikiwe chakula. Baada ya siku tatu akarudi, akataka watoto waitwe tena, akamwita kinyozi akawanyoa. Akasema kuwa Muhammad amefanana na Abu Talib, na Abdullah amefanana naye mwenyewe kwa umbo na tabia. Akawaombea dua. Mama yao alipotaja uyatima wao, akamwuliza iwapo anawachelea ufukara ilhali yeye ndiye walii wao duniani na Akhera. Kisa hiki kimo katika Musnad ya Imam Ahmad.

Tazameni yaliyomo. Machozi hayakufichwa watoto. Nywele zilizotimka kwa msiba zilipata mtu wa kuzishughulikia, na huyo hakuwa mtu asiye na kazi nyingine. Waliambiwa wamefanana na nani, yaani ukoo wao haukukatika. Sisi tunalinyamazia jina la marehemu mbele ya mwanawe, tukidhani tunamhurumia.

Walimu wenzangu, mtoto mfiwa halii mfululizo. Hucheza asubuhi, akalia usiku. Wa miaka minne au mitano huuliza swali lile lile mara kumi, kwa kuwa hajafahamu bado kwamba aliyekufa harudi, si utundu. Yupo pia anayedhani baba kafa kwa sababu yeye alimkasirisha, naye aambiwe waziwazi kuwa si kosa lake. Aliyeanza kukojoa kitandani au kupigana chuoni hatibiwi kwa bakora. Mtume (s.a.w.) alimwuliza Abu Umayr mdogo habari za kindege chake kilichokufa; sembuse aliyefiwa na mzazi.

Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, katika jumuiya yao ya NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo, siku mtoto alipozaliwa, nani atamlea. Kule Nshamba, Kagera, mradi wa Humuliza (neno la Kihaya la kuliwaza) uliwaunganisha mayatima katika vikundi vya kusaidiana. Atakayeuliza kama hii ni bidaa, ajue kuwa si ibada mpya. Ni wasia uliorefushwa, na wasia tumehimizwa kuuandika. Daftari la shule linatosha. Mwenye kuchelea picha aandike maneno tu.

Na sasa neno litakaloudhi baadhi yetu. Jamaa za Jaafar walipikiwa. Kwetu wafiwa ndio wapikao. Mbuzi huchinjwa, mikorosho ikawekwa rehani kwa ajili ya arobaini. Mali ya nani? Wanaokhitilafiana juu ya hitima hawakhitilafiani kwamba fungu la yatima haliguswi kwa hilo. Suratun-Nisaa, aya ya 10, imewaonya walao mali ya mayatima kwa dhulma kwamba wanakula moto. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza mtoto kunyimwa haki yake katika mali ya mzazi.

Ama aliyepotea baharini, mali yake haigawiwi na baraza la ukoo. Hukumu ya kuwa amekufa ni ya kadhi au mahakama. Mwanawe aambiwe lililo kweli: baba hajaonekana, anatafutwa, na tunamwombea.

Kuanzia juma lijalo kisa cha Jaafar kitasomwa madrasani kwa Kiswahili, na madaftari yatakuwapo. Akina mama wasioandika waje baada ya Alasiri. Wao watasimulia, sisi tutaandika.

Wabillahi tawfiq.