Skrini Nne, Wimbo Mmoja

(Maneno ya mhudumu wa mitambo katika ibada ya shukrani, Jubilii ya miaka 25 ya kwaya)

 

Nimeombwa nieleze kile kinachoning'inia pale mbele. Wengi mmeniuliza ile televisheni kubwa tuliinunua wapi. Wapendwa, si televisheni moja. Ni nne za kawaida, za inchi 43 kila moja, mbili juu na mbili chini, zote zikiendeshwa na kompyuta moja. Kwa pamoja zinatoa picha ya karibu mita 1.9 kwa 1.1, sawa na skrini moja ya inchi 86.

Tulianza kuwaza jambo hili kwa sababu ya wazee wetu. Mama mmoja wa alto, aliyeimba tangu siku ya kwanza, aliacha kusimama na wenzake kwa kuwa maandishi ya kitabu yalikuwa hayaonekani tena machoni pake. Nayo projekta yetu ilishindwa na jua la asubuhi linaloingia kwa madirisha.

Mara ya kwanza tulikosea. Tulinunua kisanduku cha kugawa picha: kebo moja inaingia, nne zinatoka. Tulipowasha, ubeti ule ule ukatokea mara nne! Kisanduku kile hunakili tu. Tulichohitaji ni kompyuta yenye kadi ya picha iliyo na matundu manne, kila skrini na kebo yake. Kisha kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, na kuchagua kupanua badala ya kunakili. Halafu unaingia kwenye mipangilio na kuvuta vile visanduku vyenye namba vikae jinsi skrini zilivyo ukutani. Hatua hiyo tuliipuuza, na jioni hiyo mwanzo wa wimbo ukawa chini, mwisho ukawa juu.

Hata hapo kompyuta bado huona skrini nne. Video ukiikuza, inajaa kwenye moja tu. Kadi yetu ina programu ya kuziunganisha, ambayo AMD huiita Eyefinity. Tulipoiwasha, kila skrini yenye nukta 1920 kwa 1080 ikatoa sehemu yake, na zote zikawa uwanja mmoja wa 3840 kwa 2160. Ndiyo maana tulinunua skrini za aina moja.

Yalibaki mambo mawili. Televisheni nyingi hukata kingo za picha kidogo, kwa hiyo herufi zililiwa pale skrini zinapokutana. Tulizima ukataji huo katika menyu ya kila moja. Pili, programu inaweza kuficha sehemu ya picha nyuma ya fremu ili mistari inyooke. Kwa picha inapendeza, lakini kwa maandishi inameza herufi, kwa hiyo hatuitumii. Ubeti wa mistari minne tunauweka mistari miwili juu ya kiungo na miwili chini.

Sasa niseme lililo moyoni. Mwezi uliopita nilikwenda mazishini nyumbani, na Jumapili hiyo skrini zilikaa nyeusi. Hazikuwa zimeharibika. Hakuna mwingine aliyejua kuziwasha. Kosa hilo ni langu, kwa kuwa sikumfundisha mtu. Kwaya hii imefika miaka 25 kwa sababu kila sauti ilimlea wa kuishika baada yake. Mitambo nayo ilelewe hivyo. Naomba vijana wawili, na mtu mzima mmoja, tukutane kila Jumamosi baada ya mazoezi. Hatua zote nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika mezani. Vitabu vya nyimbo tusivitupe, maana stima hupotea.

Yule mama wa alto leo ameketi safu ya pili, na vazi lake la kwaya amelivaa. Mama, ubeti ukitokea, simama uimbe nasi.